UZI: Gari inayoteka soko la nchi nyingine, bei yake huwa imeanzia kiwandani. Tusiishie kusema ni ruzuku tu

Mleta uzi

Wakuu salaam. Nimefuatilia mijadala ya gari za umeme za China kwa muda sasa na karibu kila mtu anamalizia pale pale, kwamba serikali yao inawamwagia hela ndo maana wanauza bei chee, basi, hakuna la zaidi. Ruzuku ipo, sikatai, na nitairudia huko mbele. Ila ukiishia hapo huwezi kuelewa ilikuwaje nchi iliyouza nje gari kama milioni moja tu mwaka 2020 ikafika 2023 imeuza milioni 4.9 na kuipita Japani iliyokuwa na milioni 4.4. Miaka mitatu tu hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kubishana ajue anabishana na nini. Ubunifu unaogeuza biashara ya magari duniani sio ule wa skrini kubwa na taa za kumetameta, ni ule unaokata gharama ya kutengeneza gari moja. Ukishaikata gharama unashusha bei bila kuumia, na mtu anayeshusha bei bila kuumia ushuru haumzuii, ushuru unambadilishia tu aina ya gari anayouza na mahali anapoitengenezea. Hii imeshajirudia zaidi ya mara moja, kila mara watu wanashangaa kama ndo mara ya kwanza.

Naanza na Ford maana huwezi kumruka. Model T ilitoka 1908 kwa dola 850, kipindi hicho gari ni kitu cha matajiri, mafundi wanaizunguka gari moja wanapiga tupa vipande mpaka vikae sawa. Mwaka 1913 pale kiwandani kwao Highland Park, Marekani, wakageuza utaratibu, chesisi ndo ikawa inasogea na mfanyakazi anabaki palepale anafunga kitu kimoja. Kuunganisha chesisi kulikuwa kunachukua masaa 12 na nusu hivi, kukashuka mpaka dakika 93. Bei ikawa inaporomoka mwaka hadi mwaka mpaka kufikia 1925 toleo la chini unalipata kwa dola 260. Hiyo stori wengi mnaijua.

Ambayo wengi hawaiongelei ni upande wa biashara ya nje. Ford alishafungua kiwanda cha kuunganisha Trafford Park, Manchester, mwaka 1911, kabla hata ya huo mkanda wa Highland Park. Hesabu yake ni nyepesi, gari nzima ndani ya meli inabeba hewa nyingi, ukiipakia vipande vipande kwenye makreti unabeba nyingi kwa nauli ile ile. Alafu mwaka 1915 Uingereza ikaweka ushuru wa theluthi moja ya thamani, yaani asilimia 33 na kitu, kwa magari yanayotoka nje, ule unaoitwa ushuru wa McKenna. Ford alikuwa tayari ana watu na mashine ndani ya ukuta. Shikilieni hilo neno ukuta, tutakutana nalo tena.

Naenda kuandaa ya Japani, nakuja.

mpenda_gia

Niko hapa nasubiri. Ila mkuu usisahau kwamba Wajapani nao walisemwa hivi hivi, kwamba gari zao ni za bei rahisi na zitaoza. Leo nani anasema hivyo?

Mleta uzi

Mpenda gia umenitangulia, ndo hapo hapo nilipokuwa naelekea.

Mwaka 1950 Eiji Toyoda wa Toyota alienda kuangalia kiwanda cha Ford cha River Rouge. Akaona ukubwa wake na akajua kwamba kwao hauwezekani, hawana mtaji na soko la Japani kipindi hicho ni dogo, hakuna wa kununua gari laki kadhaa za aina moja. Sasa Ford anapata bei ndogo kwa kutengeneza kitu kimoja kwa wingi mno, wewe mwenye soko dogo unaipataje bei ndogo huku unatengeneza aina nyingi chache chache? Hilo swali ndo lililomzaa Toyota tunayemjua. Taiichi Ohno na wenzake wakajenga utaratibu ambao kipuri kinafika pale kinapohitajika muda unapohitajika, hakuna kulaza mali stoo, kadi ndogo ya kanban ndo inaomba mzigo kutoka hatua ya nyuma. Kubadilisha kalibu za mashine za kukandamiza bati kulikuwa kunachukua masaa, wakakushusha hadi dakika chache, kwa hiyo mashine moja inatoa mlango wa gari hii na boneti ya gari ile siku hiyo hiyo. Na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaruhusiwa kusimamisha laini nzima. Hiyo ya mwisho watu huwa wanaichukulia kama suala la ubora peke yake, mimi naiona ni suala la bei, maana kasoro unayoikamata palepale inagharimu sekunde na ile inayomfikia mteja inagharimu jina.

Kwamba bei ndogo peke yake haitoshi, Toyota waliligundua kwa maumivu. Walipeleka Toyopet Crown Marekani mwaka 1958 wakauza 287 tu mwaka ule wa kwanza. Gari ilikuwa imejengwa kwa barabara na mwendo wa kwao, ikiingia barabara kuu za Marekani inahema. Wakajiondoa, wakaenda kujipanga, wakarudi 1965 na Corona iliyojengwa kwa ajili ya soko lile. Alafu ikaja mishtuko ya mafuta ya 1973 na 1979, na wakati foleni za petroli zinaota pale vituoni wao ndo walikuwa na gari ndogo inayokunywa kidogo, tayari, kwa bei inayoeleweka. Honda walikuwa na injini ya CVCC iliyotimiza masharti ya moshi ya Marekani bila hata kufunga kile kichujio cha kikemikali kwenye eksozi. Bahati ilikuwepo, ila bahati ilimkuta mtu ambaye ameshafanya kazi.

Sasa hapa ndo pananogea.

Mwaka 1981 Marekani ikaibana Japani ikubali kujiwekea kikomo cha hiari, gari milioni 1.68 kwa mwaka, zisizidi. Nia ilikuwa kuzipa pumzi kampuni za magari za Marekani zilizoko Detroit. Fikiri wewe ndo unauza gari na umeambiwa idadi yako imefungwa ila hakuna aliyekugusa kwenye thamani. Utafanya nini? Utapandisha bei kwa sababu wanunuzi ni wengi kuliko gari, na utaacha kupeleka zile za faida ndogo upeleke kubwa kubwa zenye vikorombwezo. Ndicho kilichotokea. Mnunuzi wa Marekani akalipa zaidi, kampuni za Japani zikavuna faida nono kwa kila gari, na hela hiyo ikaingia kwenye utafiti. Wakaanza kutoa majina ya gari za kifahari, mwaka 1986 Honda wakaja na Acura, 1989 Toyota wakaja na Lexus na Nissan wakaja na Infiniti. Ukuta uliojengwa kulinda soko la chini ukawafungulia njia ya soko la juu, lile lililokuwa la Wajerumani na Cadillac.

Na viwanda navyo vikahamia ndani. Honda walianza kutengeneza Accord pale Marysville, Ohio, Novemba 1982. Nissan wakaenda Smyrna 1983. Toyota wakaingia ubia na General Motors (GM) ya Marekani kwenye kiwanda cha NUMMI, Fremont, California, 1984, alafu 1988 wakawa na chao Kentucky. Ni kama Ford na Manchester, kasoro safari hii ukuta ulitangulia na kiwanda kikafuata.

Hesabu Kwanza

Uzi mzuri sana, ila naona umeruka kitu kikubwa, thamani ya fedha. Yeni ilipopanda baada ya mkutano wa Plaza mbona Wajapani hawakufa? Kama hoja yako ni gharama ya kiwandani, sarafu inaweza kuifuta hiyo gharama usiku mmoja.

Mleta uzi

Hesabu, ahsante kwa hilo, kwenye rasimu yangu lilikuwa mstari mmoja tu na halistahili mstari mmoja.

Septemba 22, 1985 nchi tano zilikaa pale hoteli ya Plaza, New York, zikakubaliana kuishusha dola. Yeni ilikuwa kwenye 240 hivi kwa dola, mwaka uliofuata ikawa inacheza kwenye 150 na 160. Chukua gari ambayo kuitengeneza Japani kunagharimu yeni 1,200,000. Kwa 240 hiyo ni dola 5,000. Kwa 150 hiyo hiyo, bila kubadilisha hata nati moja, ni dola 8,000. Mfanyabiashara wa kawaida hapo anafunga duka.

Ila bei za gari za Japani ndani ya Marekani hazikupanda kwa kiwango hicho. Zilipanda, lakini kampuni zilimeza sehemu kubwa ya pigo kwenye faida yao ili zisipoteze wateja. Paul Krugman mwaka 1987 aliandika kuhusu tabia hii, kampuni inapanga bei kwa kuangalia soko la pale inapouza badala ya kuhamisha mabadiliko yote ya sarafu kwa mteja. Ndo maana gari ile ile ikitoka kiwanda kile kile siku ile ile inaweza kuwa na bei tofauti kabisa nchi mbili jirani hata ukitoa kodi, sio kosa la mahesabu, kuna mtu amekaa akapima mteja wa kila soko anaweza kuvumilia kiasi gani na mpinzani wake pale ni nani.

Sasa jiulize ni nani anaweza kumeza. Anayeweza ni yule ambaye alikuwa na nafasi kati ya gharama na bei, na hiyo nafasi ilitoka kwenye zile kadi, zile kalibu za dakika chache na ile faida nono iliyoletwa na kikomo cha 1981. Asiye na nafasi anapandisha bei anapoteza soko, au anaacha bei palepale anapoteza kampuni. Alafu waliongeza kasi ya kuhamisha viwanda, kwa sababu ukitengeneza kwa dola na kuuza kwa dola yeni haikuhusu sana. Kwa hiyo sarafu ina nguvu, nakubali, ila haimpigi kila mtu sawasawa.

Bandari Kavu

Na wale waliokuja na bei ndogo bila hiyo nafasi unayoisema? Nakumbuka kusoma kuhusu Yugo.

Mleta uzi

Yugo ni mfano ambao huwa unaniuma kwa sababu nyuma yake kulikuwa na kiwanda kizima cha watu pale Kragujevac, Yugoslavia. Iliingia Marekani 1985 kwa dola 3,990, gari mpya ya bei ndogo kuliko zote sokoni. Ndani yake kulikuwa na uhandisi wa Fiat wa miaka ya nyuma sana na hakukuwa na mfumo wa kukamata kasoro kabla gari haijatoka. Watu walinunua kwa hamu, gari zikaanza kusumbua, jina likawa la kuchekwa, mwagizaji wake akafilisika 1989 na kufikia 1992 imeondoka kabisa. Bei ile ilikuwa imebandikwa juu ya gari, haikutokea ndani ya gari.

Mfananishe na Hyundai sasa. 1986 wakaingia Marekani na Excel kwa dola 4,995 wakauza 168,882 mwaka wa kwanza, rekodi kwa kampuni mpya ya kigeni. Nao ubora ukawaangusha vibaya, sifa ikaharibika mpaka watu wakawa wanawaweka kapu moja na Yugo. Tofauti ni walichokifanya baada ya aibu. Walikuwa wanategemea injini za Mitsubishi, wakajenga yao, Alpha ikatoka 1991. Wakamwaga hela kwenye utafiti na ukaguzi. Alafu 1998 wakatangaza waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia Marekani, kitu ambacho kipindi kile kilionekana kama kujiua.

Hiyo waranti naomba muitafakari vizuri kwa sababu kwangu mimi ni moja ya maamuzi makubwa ya bei katika historia ya magari ingawa hakuna bei iliyobadilika. Mnunuzi wa gari ya bei ndogo analipa mara mbili, analipa hela ya kununua na analipa hofu ya kuharibikiwa. Hyundai waliichukua ile hofu wakaibeba wao. Na huwezi kuibeba kama gari yako ni mbovu, utafilisika kwenye matengenezo, kwa hiyo ahadi yenyewe iliwalazimisha watu wa kiwandani watengeneze kitu kinachodumu.

Kwa upande wa India Tata walijaribu njia ya chini zaidi, Nano, ikatangazwa 2008 kwa rupia laki moja. Kiuhandisi ilikuwa na akili nyingi ndani yake na watu wake walijituma kweli. Ila ikatangazwa kama gari ya bei ya chini kuliko zote duniani, na mtu anayetoka kwenye pikipiki kwenda kwenye gari yake ya kwanza anataka majirani waone amepanda. 2018 uzalishaji ukasimama.

Dacia Logan ya Renault ndo iliyolipata jibu. Renault walianza na bei, euro 5,000, alafu wakarudi nyuma kuuliza gari ya bei hiyo inajengwaje. Kioo cha mbele wakakipunguzia mkunjo kwa sababu kioo kilichopinda sana ni ghali kukitengeneza. Vioo vya pembeni wakavifanya viwe sawa kulia na kushoto ili uwe na kalibu moja. Dashibodi ikawa kipande kimoja. Ilitoka 2004 ikilengwa kwa masoko yanayokua, na wateja wa Ufaransa na Ujerumani walipoiona wakaitaka na wao, ikabidi wauziwe. Biashara iliyopangwa kwenda upande mmoja ikageuka, na aliyeigeuza ni mhandisi aliyefikiria kioo.

mpenda_gia

Hii ya vioo vya pembeni sikuijua kabisa. Haya tuingie China sasa mkuu, ndo tulikuja kwa ajili hiyo.

Mleta uzi

Tuingie. Kwenye gari ya umeme kitu cha bei ni betri, kwa hiyo mwenye betri ndo mwenye bei. Kwa mujibu wa BloombergNEF, watafiti wa soko la nishati, mwaka 2010 kilowati-saa moja ya betri ya lithiamu ilikuwa zaidi ya dola 1,100, mwaka 2024 ilikuwa dola 115 kwa wastani. Gari yenye betri ya kilowati-saa 60, betri peke yake ingekuwa zaidi ya dola 66,000 mwaka 2010, ila 2024 ni kama 6,900. Hakuna ruzuku duniani inayofanya hesabu ya namna hiyo peke yake kwa miaka 14. Hiyo ni kemia, ni mashine, ni viwanda vikubwa na watu waliorudia kitu kile kile mara milioni mpaka taka zikaisha.

Alafu kuna aina ya betri. Wakorea na Wajapani wengi walikwenda na nikeli na kobalti kwa sababu zinabeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Wachina wakang'ang'ana na fosfeti ya chuma, ambayo chimbuko lake ni maabara ya John Goodenough kule Texas miaka ya 1990. Haibebi nguvu nyingi hivyo, ila haina kobalti wala nikeli, ni nafuu, haishiki moto kirahisi na inadumu. Hataza zake zilisimamiwa kwa namna ambayo watengenezaji wa China waliweza kuitumia bila kulipa leseni wakiuza ndani ya nchi yao, na zile kuu zikaisha muda 2022. Yaani walipewa uwanja wa mazoezi mkubwa kuliko wa mtu yeyote, na mlango wa nje ukafunguka wakati wameshaiva.

BYD walianza 1995 Shenzhen kama watengenezaji wa betri, gari wakaingia 2003 kwa kununua kampuni iliyokuwa inasuasua. 2020 wakatoa betri yao ya vipande virefu vyembamba kama visu, vinapangwa moja kwa moja ndani ya boksi kubwa bila yale maboksi madogo ya katikati, unaokoa nafasi, uzito na chuma. Machi 2022 wakaacha kabisa kutengeneza gari za petroli tupu. Betri wanatengeneza wao, mota wao, chipu za kuendesha umeme wao. Kampuni nyingine kila kipande ananunua kwa mtu ambaye naye anataka faida yake, wewe hesabu hizo faida zote zilizokatwa njiani.

Bandari Kavu

Na meli. Ongeza meli. Baada ya korona meli za kubebea magari zilikuwa hazipatikani, 2023 kukodi moja kwa siku ilikuwa imevuka dola 100,000. Hiyo inaingia kwenye bei ya kila gari inayoshuka bandarini. Jamaa wakaamua kujenga zao, Januari 2024 BYD Explorer No. 1 ikaondoka na uwezo wa kubeba magari kama 7,000.

Mleta uzi

Umemaliza kaka. Kwenye uzi wangu sikuwa nayo kabisa na inakaa sawasawa na yale makreti ya Ford.

Hesabu Kwanza

Sawa, ila bado hujajibu ruzuku. Umesema utairudia.

Mleta uzi

Naijibu na sitaikwepa. China imetoa nafuu za kununua gari za umeme kwa miaka mingi, ardhi ya viwanda, mikopo yenye masharti laini, na serikali za majimbo kila moja ilitaka kampuni yake. Matokeo yake ni viwanda vingi kuliko wanunuzi, vita ya bei ya kuumizana ndani kwa ndani, na anayebanwa nyumbani anaangalia nje. Kwa mshindani wa nje hiyo sio haki na malalamiko ya Ulaya yana msingi. Anayesema hakuna kitu hapo anadanganya.

Ila tazama ushuru wenyewe ulivyotoka. Umoja wa Ulaya ulifungua uchunguzi Oktoba 2023, na mwisho wa Oktoba 2024 ukaweka nyongeza juu ya ule ushuru wa kawaida wa asilimia 10. BYD nyongeza ya asilimia 17, wenzao wa China Geely 18.8 na SAIC 35.3, na Tesla kwa gari zake za Shanghai 7.8. Yaani kwa jumla BYD ni 27 na SAIC ni 45.3. Kama kila kitu kingekuwa ruzuku, BYD aliyepewa 17 angeshafungasha. Hakufungasha, kwa sababu gari ile ile aliyokuwa anaiuza China kwa bei ya vita alikuwa anaiuza Ulaya kwa bei ya juu sana, ana nafasi ya kumeza, sawa kabisa na Mjapani wa 1986.

Kingine, nyongeza ile iliwekwa kwa gari za umeme tupu. Kwa hiyo kampuni za China zikaongeza kupeleka haibridi za kuchaji, zile zenye injini ya petroli pamoja na betri ya kuchaji. Kikomo cha 1981 kilihesabu idadi wakapandisha thamani, huu unahesabu aina wakabadilisha aina. Na viwanda vinafuata, BYD wakaanza kujenga Szeged kule Hungaria, Chery nao wa China wakaingia Barcelona kwenye kiwanda kilichoachwa na Nissan, na Brazili BYD wakachukua eneo la Camaçari ambalo Ford waliliacha 2021. Nikisoma hizi habari naona Marysville kila mahali.

Marekani yenyewe ilifunga mlango kabisa, asilimia 100 kwa gari za umeme za China tangu Septemba 2024, na huo kweli unazuia. Ukuta mrefu wa kutosha unazuia, siwezi kupinga hesabu. Swali ni kinachotokea ndani ya ukuta, na kwa hilo kuna mfano wa miaka 60.

Mwishoni mwa 1963 kwenye ugomvi wa biashara ya kuku kati ya Marekani na nchi za soko la pamoja la Ulaya, Rais Lyndon Johnson alijibu kwa ushuru wa asilimia 25 kwenye bidhaa chache ikiwemo magari madogo ya mizigo. Kuku wakasahaulika, ushuru wa pikapu upo mpaka leo. Kampuni za Marekani zikapata uwanja usio na mgeni, na faida yao kubwa ikahamia kwenye pikapu kubwa zinazouzika sana kwao na kidogo sana kwingine. Gari ndogo, ambako ushuru ulikuwa asilimia 2.5 tu na ushindani ni mkali, wakaendelea kuzipoteza. Tena ukuta huo ukawageukia wenyewe, Ford walikuwa wanaleta vani za Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma ili zihesabiwe kama gari za abiria, zikishafika viti vinang'olewa. Mwaka 2024 walimaliza kesi hiyo kwa kukubali kulipa dola milioni 365. Uhandisi wa kufunga viti na kuving'oa, akili yote hiyo ingeweza kwenda kwenye gari.

mpenda_gia

Kwa hiyo Wazungu na Wajapani ndo basi tena? Maana ukisoma uzi wako mtu anaweza akakata tamaa.

Mleta uzi

Hapana mkuu, na nisingependa uzi usomeke hivyo. Miaka ya 1980 walisema hivyo hivyo kuhusu Detroit. Toyota bado wana uongozi kwenye haibridi walioujenga tangu Prius ya 1997, na 2021 chipu zilipoadimika ilionekana kwamba hata utaratibu mzuri wa kutolaza mali stoo una kikomo chake, kila mtu akajifunza upya. Mambo haya hayana mshindi wa kudumu.

Mwaka 1984 Volkswagen waliingia ubia Shanghai, wao wakaleta teknolojia, Wachina wakaleta soko, na kwa miaka mingi sheria ya China haikuruhusu mgeni kumiliki zaidi ya nusu. Mwaka 2023 Volkswagen hao hao walikubali kuweka kama dola milioni 700 kununua karibu asilimia 5 ya Xpeng, kampuni ya China iliyoanzishwa 2014, ili watengeneze nao gari za umeme. Mwaka huo huo Stellantis, wenye Peugeot na Fiat, wakaweka euro bilioni 1.5 kwenye Leapmotor ya China na kupata haki ya kuziuza gari zao nje ya China. Hela sasa inatoka Ulaya na ujuzi unatoka China, miaka 39 tu baada ya ule mkataba wa Shanghai.

Hesabu Kwanza

Na NUMMI? Ulikitaja kile kiwanda cha Fremont ukakiacha.

Mleta uzi

GM walipeleka watu wao pale wakajifunze kwa Toyota, na wale wale wafanyakazi waliokuwa wanasemwa ni wabovu kuliko wote kwenye GM wakaanza kutoa gari zenye ubora wa Kijapani, chama chao kile kile, jengo lile lile. Kuupeleka ule utaratibu kwenye viwanda vingine vya GM ndo kulikuwa kugumu na kulichukua miaka mingi mno. GM wakajitoa 2009 kwenye kufilisika kwao, Toyota wakafunga 2010. Mwaka huo huo Tesla wakalinunua lile jengo, na Model S ya kwanza ikatoka humo 2012.